Kamba ya Nguo Ilivyotufundisha Tenisi



Wengi wenu mtashangaa kukuta habari za tenisi kwenye kurasa hizi, mahali mlipozoea kusoma juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na daftari la mweka hazina. Hata sisi tulisita kuandika. Lakini vikundi zaidi ya kimoja vimetuuliza swali lile lile: tumepewa raketi za zamani na watu wa mjini, watoto wanazing'ang'ania, sasa tuzifanyie nini? Na hapa Mountain View swali hilo nusura livunje kikundi. Ndiyo maana tumeamua kueleza yaliyotokea, na hasa kueleza namna ya kupiga mpira, maana ugomvi wenyewe ulianzia kwenye namna ya kupiga.

Kwa wasioijua Nairobi, Mountain View ni mtaa ulio upande wa magharibi wa jiji, kando ya Waiyaki Way, jirani kabisa na Kangemi, pale Papa Fransisko alipotembelea Novemba 2015. Ni mtaa wa nyumba nzuri zenye ua na lango. Wanakikundi wetu wengi hawana nyumba hapo. Wanakuja asubuhi kufua, kupika, kulima bustani na kulinda malango, halafu jioni wanarudi Kangemi kulala. Familia moja ilipokuwa ikihama iliwaachia raketi 9 na gunia la mipira. Padri akatoa ruhusa uwanja wa saruji unaoegeshwa magari utumike Jumamosi alasiri. Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Wako waliosema, eti tenisi ni mchezo wa wazungu na matajiri. Tuliwajibu kwa jina moja tu: Angella Okutoyi. Binti huyu alilelewa na nyanya yake pamoja na dada yake pacha pale Loresho, si mbali na hapa, na mama yao alifariki wakati wa kuwazaa. Mwaka 2022 alishinda taji la wasichana wawili-wawili kule Wimbledon, Uingereza, akicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, akawa Mkenya wa kwanza kupata taji la vijana katika yale mashindano makuu manne ya dunia. Mwaka 2024 akaleta dhahabu ya Michezo ya Afrika kutoka Accra. Kabla yake, katika miaka ya 1980 na 1990, Paul Wekesa alicheza na wakubwa wa dunia. Kwa hiyo hilo la matajiri tuliliweka kando. Hata hivyo tuliwaambia wazazi ukweli: msimpe mtoto raketi mkitegemea Wimbledon. Mpeni kwa sababu atakimbia, atacheka, na atakuwa mahali panapojulikana Jumamosi mchana.

Kumbe hatari haikuwa kwa watoto.

Kiwiko cha mama mmoja

Mama mmoja wa kikundi, ambaye hakutaka jina lake liandikwe, alipenda mchezo huu kuliko vijana. Anafua nguo katika nyumba kadhaa kwa malipo ya siku. Baada ya miezi miwili hivi akaanza kusikia maumivu upande wa nje wa kiwiko cha mkono wa kulia. Mwanzoni ilikuwa akiinua sufuria. Baadaye akawa hawezi kukamua blanketi. Nyumba mbili zikatafuta mtu mwingine. Mtu wa kibarua cha siku asipofua leo, leo hakuna unga.

Mkutano uliofuata ulikuwa moto. Mume wake alikuja na kusema mbele ya wote kwamba tumemharibia mke mkono kwa mambo ya kujifurahisha. Mwenyekiti akapendekeza raketi ziuzwe na pesa ziingie kwenye mzunguko. Wakatutazama sisi tuseme neno, na neno tulilokuwa nalo lilikuwa la aibu: sisi ndio tuliokuwa tukimwambia kila Jumamosi, "Kaza mkono, mama, kaza!" Tulidhani nguvu ndiyo tenisi.

Maradhi hayo yanajulikana, na wazungu wameyapa jina la mchezo huu, ingawa wengi wanaoyapata hawajawahi kushika raketi. Mafundi wa mbao huyapata, wapaka rangi, na wanaokamua nguo. Misuli inayoinua kiganja kwenda juu imeshikamana na mfupa upande wa nje wa kiwiko kwa kano. Kano hiyo ikivutwa mara nyingi kupita uwezo wake inachakaa na kuuma. Sasa fikirieni huyu mama: siku 5 anakamua nguo, siku ya 6 anapiga mpira kwa raketi nzito, amebana mpini kwa nguvu zote, kifundo cha mkono kimepinda. Kano ile ile haikupumzika hata siku moja.

Tulimpeleka kliniki, na tunawashauri nanyi mfanye hivyo. Aliambiwa apunguze kukamua kwa muda (binti zake walisaidia, na kikundi kikampa mkopo mdogo), na afanye zoezi moja: kulaza mkono juu ya meza, kiganja kikitazama chini na kikining'inia ukingoni, ameshika chupa ya nusu lita ya maji. Mkono wa pili unasaidia kuinua chupa, halafu mkono mgonjwa unaiteremsha peke yake polepole. Maumivu haya hayaishi kwa wiki moja. Watu wengi hupona ndani ya mwaka, wengine mapema, wakiwa na subira.

Raketi hazikuuzwa. Kijana mmoja aliyeanza kwa kuokota mipira kwenye klabu moja ya mjini, na ambaye leo anafundisha watoto wa watu kucheza, alikubali kuja Jumamosi nne bila malipo zaidi ya chai na mandazi. Yanayofuata tumeyapata kwake, pamoja na mengine tuliyoyasoma na kuyajaribu wenyewe.

Mkono mlegevu

Kitu cha kwanza kocha huyo alichofanya ni kutunyang'anya raketi. Akatuuliza: mpira unakaa kwenye nyuzi muda gani? Mzee mmoja akasema sekunde moja. Kocha akacheka. Ni kama sehemu 5 tu kati ya sehemu 1,000 za sekunde. Kabla akili yako haijasema "kaza", mpira umeshaondoka. Kubana mpini wakati wa kugonga hakuongezi mwendo wa mpira kwa kiasi cha maana. Kunachofanya ni kupitisha mtikisiko wote mpaka kwenye kiwiko.

Basi shika mpini kama unavyoshika kifaranga: asiponyoke, asife. Halafu angalia unene wa mpini. Ukiushika, kidole cha shahada cha mkono wa pili kiweze kuingia kwenye nafasi iliyobaki kati ya ncha za vidole na kiganja. Kisipoingia, mpini ni mwembamba na utalazimika kubana. Uzungushie utambaa wa pamba mpaka unenepe. Kikiingia na nafasi bado ipo, mpini ni mnene mno. Ile raketi ya mama yetu ilikuwa ya mtoto mkubwa, mpini mwembamba kama mwiko. Hakuna aliyekuwa ameangalia.

Mipira iliyolowa msiitumie. Mpira mkavu una uzito wa gramu 56 hadi 59 hivi, na ukinywa maji unakuwa mzito na mkono ndio unaolipa. Uanikeni kwanza.

Mpigo wa mbele

Mpigo wa mkono unaoutumia, ambao vijana huuita forihendi, ndio unaopigwa zaidi. Weka kiganja kwenye nyuzi za raketi, kisha kiteleze chini mpaka kwenye mpini, ushike kana kwamba unampa mgeni mkono. Hapo uko tayari.

Kosa la wote wanaoanza ni moja: wanasubiri mpira uwafikie, ndipo wanavuta raketi nyuma kwa pupa. Wamechelewa tayari. Mpira ukitoka tu kwenye raketi ya mwenzako, geuza mabega. Sio mkono, mabega. Mkono utafuata wenyewe. Kisha kunja magoti kidogo, raketi ishuke chini ya kimo cha mpira, na unapopiga ipande, imalizie juu ya bega la upande wa pili. Chini kwenda juu. Mpira ugongwe ukiwa mbele ya nyonga, sio ubavuni na sio nyuma.

Kwa nini chini kwenda juu? Sababu ya kwanza ni wavu. Wengi wetu tukikosa, tunakosa wavuni. Sababu ya pili ni kwamba nyuzi zikipanda zikiugusa mpira, mpira unazunguka kwenda mbele kama gurudumu linaloteremka kilima. Mpira unaozunguka hivyo husukumwa na hewa kwenda chini, kwa hiyo unapita juu ya wavu ukiwa na nafasi ya kutosha na bado unaanguka ndani ya mstari.

Na hapa kuna jambo linalohusu sisi watu wa nyanda za juu, ambalo vitabu vya ng'ambo mara nyingi hulipita. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, haiuzuii mpira kama hewa ya Mombasa. Tena, mpira una hewa iliyobanwa ndani. Hewa ya nje ikiwa na msukumo mdogo, mpira unadunda juu zaidi. Mchezaji akitoka pwani kuja kwetu, mipira yake ya siku ya kwanza inatoka nje yote na anafikiri ameugua. Shirikisho la tenisi la dunia linajua hilo: limeweka kanuni za mipira ya pekee kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Kisumu iko chini kidogo ya kiwango hicho. Nakuru, Limuru, Nyahururu na sisi tuko juu yake. Mipira hiyo maalumu kikundi cha kawaida hakitaipata. Dawa yetu ni kuuzungusha mpira zaidi na kuupiga kwa nguvu kidogo zaidi ya kiasi cha kuuvusha, basi. Na kwa kuwa hata mzunguko wenyewe hushika kwa shida kwenye hewa nyepesi, ni lazima raketi ipande kweli kweli, sio kidogo tu kwa kuonyesha.

Usipojua upige wapi, piga mshazari, kutoka kona yako kwenda kona ya mbali ya mwenzako. Wavu uko chini zaidi katikati, sentimita 91.4, na kwenye nguzo ni sentimita 107. Tena kiwanja cha watu wawili kina urefu wa mita 23.77, lakini ukikipima mshazari kutoka kona hadi kona ni zaidi ya mita 25. Wavu mfupi na kiwanja kirefu, unataka nini tena?

Kocha alituachia maneno mawili ya kusema kwa sauti: "dunda" mpira unapogusa chini, "piga" unapogusa nyuzi. Mwalimu Mmarekani Timothy Gallwey aliyaeleza mafunzo ya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1974. Tuliona ni mchezo wa chekechea. Lakini mtu anayesema "dunda, piga" hana nafasi ya kuwaza juu ya watu wanaomtazama, na macho yake yanabaki kwenye mpira. Wazee wetu wawili hadi leo hawawezi kucheza bila kusema.

Mpigo wa nyuma

Huu tutaupitia haraka. Ndio uliomuumiza mama yetu, kwa sababu alikuwa akiupiga kwa mkono mmoja, amechelewa, kiwiko kikitangulia na kifundo kimepinda. Kocha alimbadilisha aupige kwa mikono miwili. Mkono wa kulia chini, wa kushoto juu yake, na wa kushoto ndio unaofanya kazi kubwa. Mzigo unagawanywa na kiwiko kimoja hakibebi chote. Kwa mtu mzima anayeanza, na hasa anayefanya kazi za mikono, hatuoni sababu ya kumfundisha mkono mmoja, hata kama unapendeza kwenye televisheni. Mabega yageuke mapema, raketi ianzie chini, imalizie juu ya bega la kulia. Anayetumia kushoto ageuze haya yote.

Sevu na ile kamba

Sevu ndiyo iliyotutesa kuliko yote. Ni mpigo pekee ambao hakuna adui anayekuletea mpira. Unajirushia mwenyewe, una nafasi mbili, na bado unakosa zote. Vijana wetu walikuwa wakirusha mpira juu na kuubamiza kwenda chini kwa hasira, kama mtu anayeua nyoka. Mmoja kati ya kumi uliingia. Mingine yote wavuni.

Kocha akaomba kamba ya kuanika nguo. Jaribuni nanyi, hata kwenye uwanja wa shule au malishoni. Pigilieni kigingi ardhini. Hapo ndipo mwisho wa kisanduku ambamo sevu inapaswa kuangukia. Pimeni mita 6.40, msimamishe fito ya sentimita 91. Huo ni wavu pale katikati. Endeleeni mita 11.89 zaidi; hapo ndipo anaposimama mpigaji. Fungeni kamba kwenye kigingi, ipite juu ya ncha ya fito ikiigusa tu, kisha mtu aivute kule nyuma kwa mti mrefu mpaka inyooke kabisa. Pimeni kamba iko juu kiasi gani pale mpigaji anaposimama. Ni mita 2.6.

Tulimsimamisha kila mmoja chini ya kamba, mkono umenyooka, raketi juu. Mama zetu wengi, katikati ya nyuzi zao hakukuifikia kamba. Vijana warefu waliipita kwa vidole vichache. Kukawa kimya. Halafu mlinzi mmoja akasema, "Kwa hivyo tangu zamani tulikuwa tunajaribu kisichowezekana."

Ndivyo. Kama mpira ungekwenda kwa mstari ulionyooka, mtu wa kimo cha kawaida hana pa kuupitisha: akilenga ndani ya kisanduku anagonga wavu, akivuka wavu anatoka nje. Kinachookoa ni kwamba mpira una uzito na huvutwa chini njiani. Kwa hiyo kazi yako ni kuupandisha upite juu ya wavu kwa nafasi, na kuuachia ardhi imalizie. Sevu hupigwa kwenda juu. Tulirudia sentensi hiyo kwa wiki mbili kabla miili haijakubali, maana macho yanaona kisanduku kiko chini na mkono unataka kwenda huko.

Aliyeelewa upesi zaidi ni mtoto wa darasa la tano. Aliulizwa, ukitaka kuangua parachichi mtini kwa jiwe, unarushaje? Akaonyesha: ubavu ukitazama mti, mkono nyuma, kiwiko juu, jiwe likapanda. Kocha akasema, sasa shika raketi ufanye hivyo hivyo. Sevu yake ya tatu ikaingia. Basi tulianza kuwafanyisha wote mazoezi ya kurusha magunzi ya mahindi juu ya kamba, wakubwa kwa wadogo. Akina mama ambao utotoni hawakurusha mawe kama kaka zao walihitaji zoezi hili zaidi, na hakuna aibu yoyote hapo. Zoezi lingine: tia mpira ndani ya soksi ndefu, shika mdomo wa soksi, uuzungushe nyuma ya mgongo na kuupeleka juu. Soksi ikikuchapa mgongoni polepole na kisha ikaruka juu kwa mwendo mmoja, umepata. Ikikwama, mkono wako umekakamaa.

Kushika raketi kwa ajili ya sevu ni tofauti na forihendi. Shika kama panga, lile pembe jembamba likitazama chini, kama unataka kukata tawi kwa ukingo wa fremu. Mwanzoni utaona ajabu, mpira utakwenda kushoto. Vumilia. Mkono ukipanda ukiwa mlegevu, utajigeuza wenyewe na kiganja kitatazama nje baada ya kugonga. Ukishika kama unavyoshika kikaango, utaingiza sevu nyepesi leo na hutapiga hatua mwaka mzima. Hilo tumeliona kwa macho.

Halafu kurusha mpira. Tungekuwa na dakika kumi tu za kufundisha sevu, tungezitumia zote hapa. Mpira usitupwe kwa kiganja, uinuliwe kwa mkono ulionyooka, kama unapandisha glasi ya maji kwenye rafu ya juu bila kumwaga, na uuachie mkono ukiwa juu ya macho. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mpira uwe mbele kidogo na kulia kidogo ya kichwa. Tazama saa ya ukutani: pale mshale mfupi unaposimama saa saba mchana, hapo ndipo mahali pake. Ukirusha vibaya, usipige. Sheria inakuruhusu kuuacha uanguke na kuanza tena, wala hutahesabiwa kosa. Nusu ya wachezaji wetu hawakujua, wakawa wanaukimbiza mpira wao wenyewe huku na huku.

Neno kuhusu nafasi ya pili. Vijana hupiga ya kwanza kwa nguvu zote, ikikosa wanaisukuma ya pili kwa woga. Sisi tunafundisha kinyume. Jifunze kwanza ile ya pili: mwendo ule ule wa mkono, usipunguze kasi ya raketi, ila nyuzi zipande na kuukwaruza mpira uzunguke. Ikiingia saba kati ya kumi, ndipo uanze kufikiria nguvu. Na wazee wenye mabega mabovu wasinyimwe mchezo. Sheria inaruhusu kusevu kwa mkono wa chini, mradi mpira ugongwe kabla haujagusa ardhi. Vijana wakicheka, wacheke.

Watoto, ukuta na raketi chache

Msiwape watoto kiwanja kizima. Shirikisho la dunia tangu mwaka 2012 limetaka mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini yafanyike kwa mipira ya polepole na viwanja vidogo. Mpira mwekundu ni wa polepole kupita yote, na kiwanja chake kina urefu wa kama mita 11 tu, wavu sentimita 80. Mipira hiyo hatuna. Tuna mipira iliyochoka, isiyodunda sana, na kwa mtoto hiyo ndiyo mizuri. Ule uwanja wa magari wa Padri unaingia viwanja viwili vya namna hiyo. Mistari ni ya chaki, wavu ni kamba ile ile ya nguo iliyoning'inizwa magunia. Mtoto mwenye raketi ndefu ashike juu, karibu na shingo ya raketi, mpaka mkono ukue.

Mahali pasipo na mwenzi, kuna ukuta. Chora mstari mita moja kutoka chini, simama hatua 6 au 7, na upige mpira juu ya mstari, ukidunda mara mbili ni sawa. Mipigo 20 mfululizo bila kukosa ni lengo zuri la mwezi wa kwanza. Chagueni ukuta usio na dirisha. Sisi tulilipa kioo kimoja, na kimeandikwa kwenye daftari la mweka hazina kama gharama ya mafunzo.

Kabla ya kuanza, wote wazunguke uwanja polepole mara tatu na kuzungusha mabega. Na anayefua, kulima au kupasua kuni kutwa asicheze siku hiyo hiyo jioni. Apumzishe mkono mpaka kesho. Kanuni hii kikundi kiliipitisha kwa kura na imo kwenye kumbukumbu za mkutano.

Mama yetu alikaa miezi mitano bila kucheza. Kazi ya nyumba moja kati ya zile mbili ameirudia, nyingine haikurudi. Sasa anacheza Jumamosi moja, anapumzika inayofuata, mikono miwili kwa mpigo wa nyuma, na sevu yake ni ya mkono wa chini, inayodunda kwa kupinda kiasi kwamba vijana wanaichukia. Mume wake hajaomba radhi wala hatukumtaka aombe. Jumamosi iliyopita alikuja kumchukua, akakuta mchezo haujaisha, akaketi kwenye tofali. Kocha akamwomba ashike upande mmoja wa kamba.